Kabla hujalipia waranti ya ziada ya kempavani iliyotumika

Kempavani ni vitu viwili ndani ya bati moja. Kuna gari lenyewe: injini, giaboksi, breki, springi. Halafu kuna nyumba iliyopandishwa juu yake: friji, pampu ya maji, jiko la gesi, tangi, betri ya pili ya taa, dirisha la paani. Anayekuuzia waranti ya ziada, yaani ahadi unayoilipia kwamba gari likiharibika watagharamia matengenezo, atakutajia miaka na bei. Wewe muulize kwanza kama karatasi yake inabeba gari peke yake au na nyumba pia. Akikujibu "inabeba kila kitu", mwambie akuwekee kidole kwenye mstari ulioandikwa friji. Hapo ndipo mazungumzo yanapopoa.

Mikataba hii huandikwa kwa namna mbili. Mmoja unaorodhesha vinavyolipiwa, na kisichotajwa hakimo. Wa pili unaorodhesha visivyolipiwa, na kisichotajwa kimo. Wa pili ni afadhali kwa mnunuzi, ingawa bei yake huwa juu. Wowote utakaopewa, anzia nyuma, kwenye yale wanayoyakataa. Mara nyingi utakuta kutu, maji yaliyopenya, mipira iliyochoka, uchakavu wa kawaida na hitilafu iliyokuwepo kabla ya kusaini.

Sasa ichukue orodha hiyo uiweke Mombasa. Gari lililolala miaka miwili Nyali au Bamburi likipigwa na upepo wa bahari limeshaanza kuliwa na chumvi huku chini, hata kama juu limepakwa rangi likang'aa. Mvua za masika zinatafuta pale paa linapoungana na dirisha, maji yanateremka polepole ndani ya ukuta, na mbao za kona zinaoza bila mtu kujua. Yaani maradhi makubwa ya kempavani za pwani ndiyo hayo hayo ambayo waranti inayakwepa. Kwa hiyo kabla ya kufikiria karatasi, ingia chini ya gari na tochi. Bonyeza kwa kidole gumba ubao wa kona zote, karibu na sakafu na chini ya madirisha, ukibonyea, ondoka. Fungua makabati unuse. Harufu ya uvundo haidanganyi, na muuzaji aliyepulizia manukato mengi ndani ana jambo.

Kuna na suala la umeme, ambalo sijasikia muuzaji hata mmoja akilitaja. Kempavani nyingi zinazoteremshwa Kilindini zimetoka Japani, na umeme wa nyumbani kule ni volti 100. Wetu ni 240. Mimi lilinipata Diani, usiku wa kwanza kabisa. Nikachomeka waya kwenye soketi ya kambi, friji ikanguruma, kukatoka harufu ya waya unaoungua, basi. Nikarudi kwenye yadi iliyoniuzia gari na waranti yao ya bure ya miezi 3, nikaonyeshwa maneno mawili: "matumizi yasiyofaa". Kwa karatasi walikuwa na haki. Kilichoniudhi ni kwamba siku ya kunikabidhi ufunguo walinieleza mpaka namna ya kukunja pazia. Fundi mmoja wa Likoni alinifungia friji ndogo ya volti 12 inayotumia betri, na transfoma ya kushusha umeme kwa vifaa vilivyobaki. Wewe soma kibandiko nyuma ya kila kifaa kabla hujachomeka chochote.

Usijitulize kwa kusema gari limeshakaguliwa Japani. Kanuni ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ile KS 1515, inataka gari liwe halijazidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, liwe la usukani wa kulia, na likaguliwe kabla ya kusafirishwa. Ukaguzi huo ni wa kuona kama gari linafaa barabarani. Pampu yako ya maji haimhusu mtu. Kama gari lilipitia mnada, omba karatasi ya mnada. Ikiwa na alama ya R au RA, lilipata ajali likatengenezwa. Halafu mlipe fundi wako mwenyewe, si wa yadi, aliangalie nusu siku. Ripoti yake iandikwe na iwe na tarehe, kwa sababu siku ukiambiwa "ubovu huu ulikuwepo", hiyo ndiyo itakayokusemea.

Nani hasa atalipa? Waranti inaweza kuwa ahadi ya yadi yenyewe, au ya kampuni nyingine ambayo yadi inaiuzia tu, au ikawa na kampuni ya bima nyuma yake. Ahadi ya yadi inaishi kadiri yadi inavyoishi, na sote tumeona yadi zikihama na mabango yao. Ukiambiwa kuna bima nyuma, pata jina kamili la kampuni ulitazame kama lina leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Na usichanganye: bima ya gari ni ya ajali, wizi na madai ya watu wengine. Giaboksi ikifa yenyewe, bima haina habari nayo.

Kempavani haiharibikii nyumbani. Itakuzimikia Voi, kilomita kama 150 kutoka hapa, au Mtito Andei saa mbili usiku na watoto wamelala nyuma. Uliza kama gharama ya kuvutwa imo, na mwisho wake kilomita ngapi. Uliza kama fundi wa pale pale anaruhusiwa kuligusa, au ni lazima lirudi kwenye gereji yao. Uliza kama wanamlipa fundi moja kwa moja au unatoa wewe kisha unawafuata na risiti. Mimi hilo la mwisho lingetosha kunifanya nikatae.

Hesabu ifanye kwa kalamu. Tuseme waranti ni shilingi 120,000 kwa miaka 2, kila ukidai unatoa kwanza 15,000 zako, na wao hawazidishi 100,000 kwa dai moja. Dai la kwanza likiwa la 100,000, watakupa 85,000. Bado hujarudisha ulicholipa. Ili ufaidi, gari liharibike mara mbili vizuri, na kwa ubovu ulioandikwa. Kama gari ni la kampuni kubwa na spea zake zimejaa madukani, mahesabu haya ni magumu kukubali. Kama ni la aina adimu, lenye giaboksi ya kuagiziwa na kusubiriwa miezi, hapo ningelifikiria upya.

Ukiamua kununua, tunza risiti ya kila sevisi, hata ya kubadilisha oili, maana sevisi iliyorukwa ni sababu rahisi ya kukataliwa. Uliza kama waranti inahamia kwa mtu utakayemuuzia, na ukiivunja katikati unarudishiwa kiasi gani. Na kumbuka kuwa Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamhesabu mfanyabiashara kuwa amekuhakikishia bidhaa ya ubora unaofaa, hata mkataba ukinyamaza. Haki hiyo usikubali kuuziwa tena kama waranti.

Omba nakala ya mkataba uende nayo nyumbani, usiku mmoja tu. Mimi niliambiwa bei ni ya leo, kesho itapanda. Nikaondoka na gari bila ile waranti ya ziada, na pesa zile nikaziweka Sacco. Mpaka sasa zimetoka mara moja, kununua pampu ya maji.