Hodhi au bomba la mvua? Pima maji kabla ya kwenda dukani

Unajiuliza uweke hodhi la kuogea au bomba la mvua bafuni? Kabla hujavunja kigae hata kimoja, tafuta ndoo ya lita 10, kipande cha mpira wa maji na saa ya simu.

Hatua ya 1: Pima maji. Funga mpira kwenye bomba la bafuni, inua mdomo wake mpaka pale kichwa cha bomba la mvua kitakapokaa, kama mita 2 kutoka sakafuni. Fungulia maji yote, kinga ndoo. Ikijaa ndani ya dakika moja, utaoga kwa raha. Ikichukua dakika mbili, kile kichwa kipana ulichokipenda dukani kitakudondoshea matone. Kinachoamua ni kimo cha tangi: mita 10 za kimo ndiyo presha ya bar 1. Tangi likiwa kwenye mnara wa mita 3 na maji yanakaribia kuisha, pale kwenye kichwa kilicho mita 2 juu unabaki na mita 1 tu, yaani bar 0.1. Pandisha mnara au funga pampu ya presha.

Hatua ya 2: Amua. Hodhi la sm 170 kwa 70 linameza lita 150 hadi 200. Mteja wangu mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, alilitaka sana, ila tangi lake ni la lita 500, maji ya mgao, na nyumbani wako sita. Nikampangia ndoo nane za lita 20 ukutani: "Mama, hizi ni za mtu mmoja." Akaziangalia, akasema, "Fundi, weka bomba." Maji yakiwa ya uhakika na una watoto wadogo, weka hodhi, na bomba la mvua juu yake. Kukiwa na mzee, tafadhali usiweke. Kuvuka ule ukingo na miguu yenye sabuni ni kumtafutia kuvunjika nyonga. Mjengee benchi la zege, na mshikio ushike kwenye tofali, usiishie kwenye kigae.

Hatua ya 3: Umeme. Hita ya papo kwa papo ya kupasha maji ya kuoga, ya kilowati 5.5, inavuta takriban ampea 24. Waya wa soketi hautoshi: vuta laini yake peke yake, waya wa milimita za mraba 6, na ethi (waya wa ardhini) isikosekane. Maji ya kisima yakiwa ya chumvi, ulizia hita iliyotengenezwa kwa maji hayo.

Hatua ya 4: Mteremko. Hapa ndipo mafundi wengi tunapoharibu. Sakafu ishuke sm 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Usiniamini mimi wala pimamaji: mwaga ndoo nzima kabla ya vigae, subiri, kisha zungushia penseli kila kidimbwi kilichobaki. Palipo na alama parekebishwe. Paka dawa ya kuzuia maji, ipande na ukutani. Ikikauka, ziba tundu kwa tambara lililofungwa kwenye nailoni, jaza maji sm 3, yalale saa 24. Kesho yake angalia dari ya chini na ukuta wa upande wa pili. Pakiwa pakavu, mwite fundi wa vigae.