Omeprazole humezwa kabla ya kula, si tumbo likishawaka

Wengi humeza omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, baada ya mlo, au husubiri hadi kiungulia kipande ndipo wakimbilie kwenye pakiti. Hapo dawa imekwisha kuchelewa. Omeprazole haizimi asidi iliyokwisha kumwagika tumboni. Hufunga pampu zinazoitoa, na pampu hizo huamka chakula kinapoingia. Meza kapsuli moja ya miligramu 20 asubuhi kwa maji, subiri nusu saa hadi saa nzima, ndipo unywe chai. Nafuu kamili huja baada ya siku tatu nne hivi, kwa hiyo usiongeze dozi siku ya pili.

Ndani ya kapsuli mna chembe ndogo za duara zilizopakwa ganda la kuzikinga na asidi. Ukizitafuna au kuzisaga, dawa huharibika kabla ya kufika kwenye utumbo. Asiyeweza kumeza kapsuli aifungue, achanganye chembe na juisi kidogo, azimeze papo hapo.

Kwa moto wa sasa hivi, tumia vidonge vya kutafuna vyenye magnesiamu au alumini. Tatizo ni kwamba hunasa dawa nyingine tumboni: antibiotiki kama doxycycline na ciprofloxacin, na vidonge vya kuongeza damu. Anayetumia ARV zenye dolutegravir azimeze saa 2 kabla ya vidonge hivyo vya kutafuna, au saa 6 baada yake. Omeprazole haina mgongano huo na dolutegravir.

Bila ushauri wa daktari, usipite siku 14. Vidonda vya tumbo vilivyothibitishwa hutibiwa wiki 4 hadi 8, na kama chanzo ni bakteria H. pylori, omeprazole peke yake haimuui; lazima antibiotiki ziwemo. Ukitumwa kupima kinyesi kumtafuta, uwe umeacha omeprazole wiki 2 kabla, la sivyo kipimo kinaweza kusema hayupo naye yupo. Na kama unameza diclofenac, dawa ya maumivu, kila siku kwa ajili ya mgongo, anza kwa kumweleza daktari hilo: ndiyo inayochimba vidonda.

Aliyeitumia miezi mingi asikate ghafla, maana asidi hurudi kwa kishindo na mtu akadhani ugonjwa umezidi. Ameze siku moja, aruke moja, kwa wiki mbili tatu.

Kutapika damu, chakula kukwama kooni, kukonda bila sababu, au choo cheusi kama lami: nenda hospitali. Vidonge vya kuongeza damu navyo hutia choo weusi, basi mtajie daktari kama unavitumia.