Kuokoa Mafaili Diski Ngumu Inapoanza Kuharibika

Diski ngumu inapoanza kugongagonga, au kompyuta inapoganda kila unapofungua folda fulani, acha mara moja kuandika chochote juu yake. Ikiwa inagonga mfululizo au haitambuliki kabisa, izime na umpelekee mtaalamu mwenye chumba kisicho na vumbi. Usiifungue mwenyewe wala kuitia kwenye friji, maana unyevu utakaotanda juu ya sahani zake utaidhuru zaidi.

Ikiwa bado inasomeka, washa kompyuta kwa Linux iliyo kwenye flashi, kisha utumie amri ya smartctl -a kusoma taarifa za SMART, yaani rekodi ambazo diski hujiwekea kuhusu afya yake. Tazama namba 5, 197 na 198, zinazohesabu sekta (vipande vidogo vya diski vinavyohifadhi data) zilizobadilishwa, zinazosubiri kukaguliwa na zisizosomeka: zikiendelea kupanda, diski haiaminiki tena. Namba 199, inayohesabu makosa ya kusafirisha data, ikipanda peke yake, badilisha kebo ya diski kwanza.

Wengi hukimbilia chkdsk, programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, na hapo ndipo hupoteza picha na hati zao, kwa sababu programu hiyo inaporekebisha huandika kwenye diski ambayo tayari ni dhaifu. Nakili kwanza diski yote kwa ddrescue, programu ya Linux ya kunakili diski mbovu, kwenda diski nyingine isiyo na hitilafu na isiyo ndogo kuliko hiyo, ukihifadhi faili la kumbukumbu ya kazi mahali pa tatu ili uendelee ulipoishia hata umeme ukikatika. Ddrescue huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, ndipo irudie zile mbovu. Urejeshaji wa mafaili kwa programu kama TestDisk au PhotoRec ufanyike kwenye nakala tu.