Kupe Mgeni: Msome Mwili Kabla ya Kumpa Jina

Kosa langu kubwa la kutambua kupe nililifanya kwa kujiamini. Jike alikuwa ameshiba, rangi ya kijivu-buluu, katoka kwenye ng'ombe. Nikaandika Rhipicephalus decoloratus, kupe wa ng'ombe wa Afrika, maana "huku wapo hao tu". Mwenzangu akamlaza chali chini ya hadubini, akahesabu meno ya hipostomu, ile ncha inayozama kwenye ngozi: safu nne kila upande. Decoloratus ana tatu. Yule alikuwa microplus, ndugu yake mwenye asili ya Asia, aliyefika Afrika Magharibi miaka ya 2000 pamoja na ng'ombe kutoka Brazil.

Siku hizi nausoma mwili kwanza. Mahali alipookotwa nauliza baadaye.

Mkaushe kabla ya lolote. Kupe aliyetoka kwenye spiriti hung'aa, na mng'ao huficha vishimo na madoa ya ngao, kile kigamba kigumu cha mgongoni. Mlaze juu ya karatasi ya kunyonya maji dakika chache, msugue taratibu kwa brashi laini. Miguu sita? Ni lava, kupe mchanga kabisa, na hapo hata wazoefu hukwama. Ngao iliyofunika mgongo mzima ni ya dume. Ikiishia mbele, tazama tumboni: jike ana tundu la uzazi, nimfu (kupe aliyepita hatua ya lava lakini hajakomaa) hana.

Ukiwa bado umemgeuza, tafuta mfereji ulio karibu na tundu la haja. Ukipita mbele ya tundu kama upinde, huyo ni wa jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Ixodes. Ukipita nyuma, au usipoonekana vizuri, rudi kichwani. Mdomo mrefu hukupeleka kwa Amblyomma, ambaye mara nyingi ngao yake ina rangi za kupendeza (ndiye kupe pekee ninayemwonea fahari), au kwa Hyalomma, mwenye ngao ya kahawia iliyokolea na miguu yenye pete nyeupe. Mdomo mfupi juu ya kitako (kipande cha kichwa ambacho mdomo umeshikamana nacho) chenye pembe sita ni wa Rhipicephalus. Kitako cha mstatili chenye palpi (vipapasio vya kando ya mdomo) zilizochomoza pembeni, na hakuna macho, ni Haemaphysalis. Mstatili, macho yapo, ngao ina nakshi: Dermacentor.

Jibu likikushangaza, rudia upya ukiwa na kupe mwingine kutoka kwa mnyama yuleyule, ikiwezekana dume, maana jike aliyevimba hupoteza umbo. Ndipo uulize mnyama alitoka wapi. Usidanganyike na "hajawahi kusafiri". Ndege wahamao hubeba Hyalomma wachanga kutoka Afrika hadi Ulaya. Kupe hudondoka, hujivua ngozi, kisha humpanda farasi ambaye hajawahi kutoka zizini.

Mpige picha juu na chini, umtie kwenye spiriti ya asilimia 70. Ndani ya chupa weka karatasi yenye tarehe, mnyama, sehemu ya mwili na mahali, iliyoandikwa kwa penseli, kwani spiriti hufuta wino wa kalamu nyingi. Na usimtupe. Haemaphysalis longicornis, wa Asia ya Mashariki, alitambuliwa Marekani mwaka 2017 kwenye kondoo huko New Jersey. Watu walipopekua kupe wa zamani waliohifadhiwa, wakamkuta mwingine, kutoka kwa kulungu wa West Virginia, wa mwaka 2010.