Somo: Kukadiria kaboni ya msitu, kuanzia tepu hadi tani

Naandika mara moja, ili swali la jinsi ya kupima kaboni iliyomo kwenye miti likirudi nielekeze hapa tu. Mifano ni ya msitu wa Kakamega. Mau na Nandi kazi ni ileile.

1. Chukua ruhusa ya KFS, shirika la misitu la Kenya. Nenda na mwenyeji anayejua miti kwa majina.

2. Chagua ploti (maeneo madogo ya kupimia) kwa bahati nasibu kwenye ramani. Ukichagulia msituni, macho hukimbilia miti minene.

3. Mduara wa nusu kipenyo mita 17.84 ni hekta 0.1. Umbali huo ni wa usawa: kwenye mteremko wa digrii 20, kamba ya kupanda na kushuka iwe mita 18.98.

4. Pima shina mita 1.3 kutoka ardhini, usawa wa kifua. Hapa ndipo kazi huharibika. Kwenye mteremko, simama upande wa juu. Mti ukiinama, fuata shina. Ukigawanyika chini ya 1.3, kila shina ni mti wake. Mti wenye mbawa (mizizi bapa inayopanda shinani), pimia sentimita 30 juu ya zinapoishia. Pitisha tepu chini ya mimea inayotambaa, usiizungushie juu yake. Na zingatieni hili: tepu ya kawaida husoma mzingo, fomula inataka kipenyo. Gawa kwa 3.1416. Ukisahau, uzito wa mti utatoka zaidi ya mara tisa ya ule halisi, na hakuna programu itakayokuonya.

5. Pima urefu wa mti kwa klinomita, kifaa cha kupima pembe.

6. Fomula ya Chave na wenzake (2014): kilo za mti mkavu, bila mizizi = 0.0673 × (msongamano wa mbao × kipenyo² × urefu)^0.976. Kipenyo ni sentimita, urefu mita, msongamano gramu kwa sentimita ya ujazo. Kipenyo 30, urefu 18, msongamano 0.6: kilo 525 hivi. Zidisha kwa 0.47, sehemu ya uzito huo iliyo kaboni: ni kilo 247. Jumlisha miti yote ya ploti, zidisha kwa 10, una kilo za hekta; gawa kwa 1,000, una tani.

MASWALI

— Nimepata tani 1,400 za kaboni kwa hekta. Msitu wetu ni tajiri sana?

Gawa kwa 9.3, utapata 150 hivi. Umeingiza mzingo. Hatua ya 4.

— Nina ekari mbili za mikalatusi Molo, nitalipwa ngapi kwa kaboni yake?

Malipo ni ya mkataba, somo hili ni la vipimo. Lete vipenyo kwanza.

— Mwalimu, mizizi je? Na miti ya mipakani mwa shamba huku Siaya, fomula ni hiyohiyo?

Umeuliza vizuri. Mizizi haichimbwi, hukadiriwa kwa uwiano. Kwa misitu ya milimani ya tropiki, mwongozo wa 2006 wa IPCC (jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi) unatoa 0.27 ya uzito wa juu ya ardhi. Mti wetu wa kilo 525 unaongezewa 142 kabla ya kuzidisha kwa 0.47. Miti ya shamba hukua kwa nafasi na hupogolewa, kwa hiyo umbo lake ni tofauti. Tumia ya Kuyah na wenzake (2012), iliyotokana na miti ya mashamba ya magharibi mwa Kenya: 0.091 × kipenyo^2.472. Kipenyo 30 kinatoa kilo 408 hivi, na urefu hauhitajiki.

— Tepu ya kitambaa ikivutika?

Ilinganishe na rula ya chuma kila asubuhi.

— Nyongeza: chaki hufutika na mvua ya alasiri. Weka alama ndogo ya rangi ya mafuta pale ulipopimia, mwakani upime palepale.

Kweli. Na kateni fimbo ya mita 1.3, vifua vya watu havilingani.