Somo: Kuanza Kijapani, tukianzia sikioni

Kwa Kijapani, neno "mimi" maana yake sikio. Naanzia hapo makusudi, maana hatua ya kwanza haihitaji kalamu.

Hatua ya 1: Sikiliza wiki nzima. Idhaa ya Kiswahili ya NHK WORLD, shirika la utangazaji la Japani, ina masomo ya Kijapani yanayoelezwa kwa Kiswahili, bure. Sikiliza huku unabangua korosho. Irabu zao ni tano zetu zilezile, na silabi karibu zote huishia na irabu, kwa hiyo kutamka si kazi. Kazi ni urefu. Obasan ni shangazi. Obaasan ni bibi. Kite ni njoo. Kitte, ukikawia kidogo kwenye t, ni stempu. Piga makofi: o-ba-sa-n manne, o-ba-a-sa-n matano. Vijana ninaowafundisha hapa Mikindani hucheka siku ya kwanza, lakini siku ya tatu hawamwiti tena shangazi bibi.

Hatua ya 2: Hiragana, herufi za msingi za Kijapani, 46. Tano kwa siku zinatosha. し (shi) ni ndoana ya mvuvi, へ (he) ni kilima. あ (a) anza na mstari wa kulala, kisha wa kusimama, kisha kitanzi. お (o) inafanana nayo sana, ila ina kinukta juu kulia. Andika kwa mkono, tafadhali. Kidole kwenye simu hakikumbuki kitu.

Hatua ya 3: Katakana, nazo 46, za maneno ya kigeni. Basi ni basu, keki ni keeki.

Hatua ya 4: Sentensi. Kitenzi hukaa mwisho: "sakana o tabemasu", yaani samaki nakula. Nakula, unakula, wanakula, zote ni tabemasu.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Niko Masasi. Siwezi kusoma kwa herufi zetu hizi za a, b, ch tu?

Marahaba mwanangu. Mimi nilifanya hivyo mwaka mzima, na nilipopewa kitabu cha watoto sikuweza kusoma hata mstari mmoja. Zitumie wiki mbili, kisha ziache.

Dada, kanji, zile herufi za Kijapani zilizotoka Uchina, ni maelfu kweli?

Orodha rasmi ya zile za matumizi ya kawaida ina 2,136. Usiishike yote leo. 木 ni mti, 林 ni miti kadhaa pamoja, 森 ni msitu. Umeshajua tatu. JLPT, mtihani wa kupima Kijapani kwa wageni, una ngazi tano, na ile ya chini, N5, inataka kanji chache tu.

Kuhesabu kunanichanganya. Mara sanbon, mara sanmai, na yote ni tatu!

Hapa Kiswahili kinakubeba, ndugu yangu. Sisi husema watu watatu, vitabu vitatu, miti mitatu. Namba inafuata ngeli ya kitu. Wao pia huangalia kitu, ila hubadilisha mkia wa namba. Virefu vyembamba kama penseli: ippon, nihon, sanbon. Bapa kama karatasi au nguo: ichimai, nimai, sanmai. Samaki: ippiki, nihiki, sanbiki. Jioni hii, ukianua khanga kwenye kamba, zihesabu kwa sauti, moja moja, kwa mai.