SOMO: Kuchagua ampu (amplifaya) ndogo ya hedifoni kwa pesa ya boom, yaani ile ya mkopo wa chuo (soma mpaka mwisho ndio uulize)

Wakuu habari zenu. Kila boom likitoka naulizwa kitu kilekile, "kaka nina elfu hamsini ninunue ampu gani ya hedifoni", alafu nikimuuliza mtu hedifoni yake ni ipi na simu yake ni ipi hana jibu. Nimechoka kuandika maelezo yaleyale WhatsApp usiku, kwa hiyo naweka yote hapa na kuanzia leo ukiniuliza nakutumia hili.

Tuelewane kwanza. Ampu inaongeza nguvu, basi. Wimbo uliopakuliwa ukiwa mbovu utatoka mbovu kwa sauti kubwa zaidi. Hedifoni isiyo na besi haipati besi kwa sababu umeichomeka kwenye kiboksi. Naandika haya kwa sababu inaniuma kuona dogo wa mwaka wa kwanza anajibana kula chipsi kavu wiki nzima ili anunue ampu ambayo haihitaji, wakati pesa hiyohiyo ingempa hedifoni nzuri kuliko aliyonayo.

HATUA YA 1. Hedifoni zako ni za Bluetooth? Acha kusoma, zina ampu yake ndani tayari.

HATUA YA 2. Angalia kama simu yako ina tundu la hedifoni. Ikiwa haina utapitia hatua ya 5 kabla ya kutoa hata mia.

HATUA YA 3. Tafuta namba mbili za hedifoni yako, ziko kwenye boksi au kwenye tovuti ya kampuni. Ya kwanza ni ukinzani, imeandikwa na alama ya Ω, hizo ni omu. Ya pili ni desibeli kwa miliwati moja, imeandikwa dB/mW. Kama boksi halina namba hata moja na limejaa maneno ya "super bass" tu, hiyo hedifoni imetengenezwa kwa ajili ya simu, ampu haikuhusu.

HATUA YA 4. Piga hesabu, ni ya form four tu. Chukua volti, zidisha zenyewe kwa zenyewe, gawanya kwa omu, unapata wati, zidisha kwa 1000 ziwe miliwati. Namba ya desibeli ya boksi ni kwa miliwati moja: nguvu ikiongezeka mara 10 unaongeza desibeli 10 juu yake, ikiwa mara mbili unaongeza 3. Tundu la simu nyingi linatoa kati ya nusu volti na volti moja hivi.

Tuchukue Audio-Technica ATH-M40x, omu 35, desibeli 98. Kwa volti moja inapata karibu miliwati 29, sauti inafika desibeli 112. Hiyo ni kelele ya kuumiza, na hata kwa nusu volti bado inapita 106. Ampu ya nini hapo? Sasa chukua Beyerdynamic DT 990 Pro ya omu 250, desibeli 96. Nusu volti inaipa miliwati moja tu, yaani desibeli 96 kwenye vilele vya juu kabisa vya wimbo, na mziki wenyewe kwa wastani uko chini ya hapo sana, kwa hiyo unaskia kitu kimepoa. Huyu ndiye anahitaji ampu, itakayotoa volti 2.5 hivi, apate miliwati 25 na vilele vya desibeli 110. Umeona tofauti? Sio ukubwa wa hedifoni wala bei yake, ni hizo namba mbili.

HATUA YA 5. Kwa simu isiyo na tundu. Adapta za Taipu C kwenda tundu la hedifoni ziko aina mbili na kwa macho zinafanana kabisa. Moja ni waya mtupu, inategemea simu itoe sauti ya analogi yenyewe, na simu nyingi hazitoi. Nyingine ina chipu ndani, DAC (kigeuzi cha sauti ya dijitali kuwa analogi) na ampu ndogo, inafanya kazi yote yenyewe. Muulize muuzaji "hii ina chipu?", na hata akisema ndio ichomeke kwenye simu YAKO mbele yake. Kuna simu (Oppo, Realme na wenzao) hazioni kitu mpaka uwashe OTG (ruhusa ya simu kutumia vifaa vya USB) kwenye mipangilio, usije ukarudisha adapta nzima bure. Ile ndogo ya Apple ya Taipu C inauzwa dola 9 kule Marekani na inatoa karibu volti moja kwa sauti safi sana, kwa watu wengi safari inaishia hapo. Mbili za kujua kuhusu hiyo: toleo la Ulaya lina nusu volti tu, na kwenye baadhi ya simu za Android sauti inatoka ndogo hata ukipandisha mpaka mwisho, mpaka utumie programu kama USB Audio Player Pro. Na feki zake ni nyingi.

HATUA YA 6. Umepiga hesabu na kweli unahitaji ampu? Angalia vitu hivi. Nguvu iandikwe kwa miliwati na kwenye omu ngapi, mfano "100 mW kwa 32 omu". Ikiandikwa wati mia za PMPO (namba ya kutia chumvi) kama redio za sabufa, rudisha mezani. Ukinzani wa tundu la ampu lenyewe uwe mdogo, usizidi moja ya nane ya omu za hedifoni, yaani kwa hedifoni ya omu 16 uwe chini ya 2, ukizidi hapo baadhi ya hedifoni zinabadilika sauti kabisa. Iwe na swichi ya geini (ampu inakuza mara ngapi), chini kwa hedifoni za kuingiza sikioni na juu kwa zile ngumu. Na ganda lifunge sawasawa: ukiona limeachia mwanya katikati ujue huenda betri ya ndani imevimba, hiyo hata ukipewa bure usichukue, hasa kwa joto letu hili.

HATUA YA 7. KUJARIBU. Hapa someni taratibu, hapa ndipo boom langu lilipoenda. Niliijaribu ampu dukani Kariakoo, nje wanapiga spika za matangazo, bodaboda zinapita, muuzaji ameshabonyeza kitufe cha besi na kupandisha sauti, nikaona hiki ndicho. Usiku hosteli, watu wamelala, nikachomeka zile hedifoni ndogo za sikioni bila kuweka wimbo na nikasikia shhhhhh kama mvua juu ya bati, na haikuondoka kwa sauti yoyote. Muuzaji kurudishiwa hataki, na dukani kweli ilikuwa "inapiga". Kwa hiyo:

Nenda na hedifoni yako na nyimbo zako unazozijua, usikubali za muuzaji. Omba kusogea sehemu yenye utulivu, ndani nyuma au kwenye ngazi za jengo. Zima besi. Anza kusikiliza UKIMYA: ampu imewaka, wimbo haupigi, pandisha sauti kidogokidogo. Ukisikia shhh kwa geini ya chini, hiyo haikufai kwa hedifoni za sikioni. Alafu weka wimbo kwa sauti ndogo kabisa na usikilize kama masikio yote mawili yanapata sawa, vitufe vya kuzungusha vya bei nafuu huwa vinaanza upande mmoja kabla ya mwingine. Mwisho linganisha na simu tupu KWA SAUTI SAWA. Sikio linadanganyika, kilicho juu kidogo tu tunakiona kisafi zaidi, na wauzaji wanalijua hilo vizuri.

ONYO: vua hedifoni kabla ya kuwasha au kuchomeka, kuna ampu zinapiga "dup" ya nguvu zikiwaka.
ONYO la pili: tundu la balansi (kila sikio lina waya wake wa kurudi) la milimita 4.4 au 2.5 usilichomekee hedifoni ya kawaida kwa adapta ya kuungaunga, unaunguza ampu.

HATUA YA 8. Matumizi: kama unatoa sauti kwenye tundu la simu, weka simu kwenye asilimia 80 hadi 90 na upunguzie kwenye ampu. Ukifanya kinyume unakuza makelele ya simu.

Karibuni maswali.

---

Mdau wa Kimara: Mkuu somo zuri. Mimi nina Bluetooth za elfu 25, ampu gani itanifaa?

Jibu: Hatua ya 1.

Mdau wa Kimara: Ila zina tundu la waya pia

Jibu: Basi tumia waya, tafuta zile namba, rudi hatua ya 4. Uwezekano mkubwa simu inatosha.

Mwanachuo wa Mabibo: Bei?

Jibu: Bei ya nini ndugu yangu. Sijataja hata ampu moja ya kununua, nimetaja namna ya kujua kama unaihitaji. Soma.

Dada wa Ardhi: Kaka shikamoo, asante kwa elimu. Boksi langu limeandikwa 115 dB/V na sio dB/mW, omu 32. Nikitumia hesabu yako napata sauti ya kupasua ngoma ya sikio, nakosea wapi?

Jibu: Marahaba dada, swali zuri sana na hujakosea, ni mimi sikuligusa. Kampuni nyingine zinapima kwa volti moja badala ya miliwati moja. Kugeuza: gawanya 1000 kwa omu, tafuta logi yake, zidisha kwa 10, alafu toa kwenye namba ya boksi. Kwa omu 32 unatoa 15, kwa omu 250 unatoa 6. Kwa hiyo yako ni 100 dB/mW, hedifoni nyepesi kabisa kusukuma. Tena ukiwa na dB/V huna haja ya kugeuza: kwa volti moja ni 115 hiyohiyo, kwa nusu volti toa 6, unapata 109. Simu inakutosha, weka pesa yako.

Mdau wa Tabata: Mwenye uzi unapotosha watu. Mimi nikichomeka ampu yangu besi inaongezeka waziwazi, masikio yangu sio mabovu.

Jibu: Sijasema masikio yako ni mabovu, na sipotoshi mtu. Sikio la binadamu linasikia besi vizuri zaidi sauti ikiwa juu, Fletcher na Munson walilipima hilo tangu 1933. Umepandisha sauti, besi ikaja. Zima kitufe cha besi, linganisha kwa sauti sawa kama nilivyoandika hatua ya 7, mwambie rafiki akuchomekee bila wewe kujua ipi ni ipi, alafu urudi hapa. Ukiitambua kila mara nitakuwa wa kwanza kukubali.

Mwanachuo, Mlimani: Adapta yangu mpya mziki unatoka lakini mwimbaji hasikiki, kama anaimba chumba cha pili. Nikibonyeza kile kitufe cha maiki kwenye waya anarudi. Imekufa?

Jibu: Haijakufa. Pini ya hedifoni yenye maiki ina pete tatu nyeusi, na mpangilio wa waya wa maiki na wa ardhi (waya wa kurudi) uko wa aina mbili. Yako na adapta vimepishana, ndio maana ukibonyeza kitufe unaunga ardhi na mwimbaji anarudi. Tumia hedifoni isiyo na maiki au badilisha adapta. Fundi asikufungulie kitu.

Mdau wa Mbagala: Yangu inapiga tititi-tititi nikiwa nimeifunga na simu kwa raba bendi, hasa ikikaribia kupigiwa

Jibu: Hiyo ni redio ya simu ikiwa kwenye 2G, inarusha mawimbi kwa vipande mara 217 kwa sekunde na ampu inayadaka. Tenganisha ampu na simu, waya mrefu kidogo, au weka flight mode kama nyimbo ziko ndani ya simu. Na wale mnaosikia mmmmm ya chini mkitumia laptopu, chomoeni chaja kwanza, mara nyingi ni umeme wa ukutani wa hezi 50.

Mdau wa Gongo la Mboto: Mimi sina shida ya ubora, kwenye daladala tu sisikii kitu, ndio maana nataka nguvu

Jibu: Usifanye hivyo kaka. Ukishindana na injini na konda unapandisha mpaka masikio yanaanza kulia ukishuka, na yakiharibika hayarudi. WHO wanasema desibeli 80 kwa masaa 40 kwa wiki ndio kiwango salama. Nunua zile za kuingiza sikioni zenye mpira unaokutosha vizuri, jaribu saizi zote tatu za mpira zinazokuja kwenye boksi. Kelele ikizuiwa, sauti ndogo inatosha.

Dada wa Ardhi: Na kama mtu kweli ana hedifoni ngumu, kuagiza inakuwaje?

Jibu: FiiO wako Guangzhou, kulekule wanakofuata mzigo wafanyabiashara wengi wa Kariakoo. Kama una ndugu au mtu unayemwamini anayesafiri, mpe jina kamili la modeli na picha, kitu ni kidogo kinakaa mfukoni. Mwambie akitest kabla hajalipa.

Mwanafunzi wa DIT: Mkuu naweza kuiunda mwenyewe? Lab tuna vifaa vya kuchomelea.

Jibu: Unaweza na ningekuwa wewe ningefanya hivyo. Tafuta mchoro wa CMoy, ni wa bwana anaitwa Chu Moy. Betri moja ya volti 9, inagawanywa katikati kwa rezista mbili za kilo-omu 4.7 na kapasita mbili, unapata 4.5 juu na 4.5 chini. Chipu OPA2134, inakubali volti hizo bila shida, ila nunua kwa mtu unayemwamini maana feki ni nyingi. Mchoro wa mwanzo unakuza mara 11, ni kubwa mno kwa hedifoni za sikioni. Kwenye mchoro kuna rezista R3 na R4, gawanya R4 kwa R3 kisha jumlisha 1, hiyo ndiyo geini, kwa hiyo ukiweka R3 kilo-omu 1 na R4 kilo-omu 2 unapata mara 3.

Kitu cha kuogopa: ardhi ya hedifoni hapo SIO hasi ya betri, ni ile katikati. Ganda la tundu lisiguse hasi popote, na usiiwashe kwa adapta ya ukutani.

Mwanafunzi wa DIT: Nimekupata. Nikimaliza nachomeka moja kwa moja?

Jibu: Hapana. Chukua multimita, pima volti za DC kwenye tundu la kutokea, kushoto na kulia, bila hedifoni. Ikizidi milivolti 20 upande wowote kuna kosa, litafute kwanza. Ikiwa chini ya hapo chomeka hedifoni ya bei rahisi kabisa uliyonayo, isikilize siku nzima, ndio uweke ile unayoipenda.